Shajara ya ufukwe: Kibirizi kuelekea Kalalangabo, Oktoba hadi Mei

Oktoba, siku za mbalamwezi

Tumeanza kupima ufukwe wetu wa Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma. Kipande tulichochagua kinaanzia mwisho wa mwalo wa Kibirizi, pale vichanja vya dagaa vinapokoma, kisha kinapanda kaskazini kuelekea Kalalangabo mpaka kwenye majabali ambapo mtembea kwa miguu lazima aparamie mawe au aingie majini. Wengi wetu tunapita hapo kila uchao, na hiyo ndiyo sababu ya kupachagua. Hakuna atakayehitaji nauli kuja kupima.

Kilichotukutanisha ni ubishi. Miaka hii ya karibuni Ziwa Tanganyika lilijaa kuliko vijana walivyowahi kuona, na mwaka 2024 maji yaliingia kwenye makazi ya kando ya ziwa, kwetu Kigoma na kwa majirani zetu wa Bujumbura. Tangu hapo mwaloni kuna kambi mbili. Moja inasema ziwa linakula ufukwe na binadamu hana la kufanya. Nyingine inasema ufukwe unaliwa na watu, wachota mchanga na wakata matete, na ziwa linasingiziwa. Kila kambi ina mashahidi wake, lakini hakuna yenye kipimo. Sisi tunataka kipimo cha mahali palepale, kwa njia ileile, mwezi hadi mwezi, na daftari lake likae mwaloni ambapo yeyote anaweza kulifungua.

Siku ya kupima tumeifungamanisha na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti tena, kwa hiyo vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, hupandishwa nchi kavu, na vijana hushona nyavu, hulala, au hwenda kusalimia nyumbani. Tumewaomba watupe asubuhi moja katika hizo, na wamekubali.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, alipoona ratiba aliuliza kama tunafuata bamvua. Kwa mtu wa pwani hilo ni swali la maana sana. Kwenye Bahari ya Hindi mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji ya Tanga yakapanda na kushuka mita tatu na zaidi ndani ya siku moja, na anayepima ufukwe wa bahari bila kujua saa ya kupwa na ya kujaa anapoteza muda wake. Huku kwetu mwezi hausogezi maji kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho. Fomu tuliyoanza nayo ilitungwa kwa ajili ya bahari, ina safu za kupwa, kujaa na chumvi. Tumezifuta, na mahali pake tumeandika upepo unatoka wapi, una nguvu kiasi gani, na mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Jambo la pili tuliloliweka wazi tangu mwanzo ni msimu. Ziwa hili huwa chini kabisa mwezi wa Oktoba na Novemba, na huwa juu kabisa Aprili na Mei, mvua za bonde zima zikishamiminika. Tofauti ya kawaida kati ya misimu hiyo haifiki mita moja, lakini kwenye ufukwe tambarare hata nusu mita ya maji hufunika hatua nyingi za mchanga. Anayepiga picha Oktoba na nyingine Mei, kisha akasema ufukwe umekwisha, hajasema uongo, ila hajasema chochote kuhusu mchanga.

Oktoba, wiki iliyofuata

Vifaa. Kwa kupima mteremko tumefuata njia iliyoandikwa mwaka 1961 na mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery: fimbo mbili zenye vipimo, umbali unaojulikana kati yake, na jicho linalolinganisha fimbo ya mbele na mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Ni njia ya fukara na ni sahihi, ndiyo maana watu wa kujitolea wa fukwe nyingi za bahari wanaitumia hadi leo.

Tatizo ni kwamba Oktoba hapa upeo wa macho hauonekani. Vumbi na moshi wa mashamba yaliyochomwa kiangazi hufunga ziwa, milima ya Kongo inapotea kabisa, na maji na mbingu vinakuwa rangi moja ya majivu. Fundi mwashi mmoja wa kikundi ndiye aliyetukwamua. Alileta mpira wake mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi huujaza maji ili kulinganisha msingi wa nyumba. Ncha moja inafungwa kwenye fimbo ya kwanza, ya pili kwenye fimbo ya pili, unasubiri maji yatulie, unasoma pande zote mbili. Maji ndani ya mpira hayajali moshi. Sharti lake ni kufukuza mapovu yote kabla ya kusoma, na fundi ni mkali kweli kuhusu hilo: anaugongagonga mpira kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, akiuinua juu ya kichwa, mpaka kipovu cha mwisho kitoke.

Kwa kupima uwazi wa maji tumetengeneza sahani ya Secchi kutokana na mfuniko wa ndoo ya rangi, tumeukata ukawa na upana wa sentimita 20 na kuupaka robo nyeusi na robo nyeupe, kama inavyotumika kwenye maziwa. Chini yake tumefunga nati nzito ya injini ya boti. Kamba ina fundo kila nusu mita. Unaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli mpaka isionekane, unaipandisha mpaka ionekane tena, unachukua wastani.

Tumeweka vituo vitatu. Cha kwanza ni mwaloni penyewe, karibu na mdomo wa korongo linaloleta maji ya mjini. Cha pili ni pale wachota mchanga wanapopakia. Cha tatu ni mbele zaidi, penye matete ambayo hayajaguswa. Kila kituo kina alama ya kudumu kwenye jabali au ukuta wa zege, na kipimo chote kinaanzia hapo. Vilevile kila kituo kina mahali pa kuegesha simu ili picha itoke upande uleule kila mara. Wazo hilo si letu. Huko Australia tangu 2017 mpango unaoitwa CoastSnap umekuwa ukiweka vishikio vya simu kwenye fukwe, na kila mpita njia anapiga picha inayofanana na ya mwenzake. Sisi kishikio chetu ni msumari na kibao.

Novemba

Mvua za kwanza. Tumehesabu takataka kwa njia inayotumika kwenye fukwe za bahari: mita 100 zilizopimwa, watu wanatembea sambamba kutoka majini hadi penye majani, kila kitu kinaokotwa na kuandikwa kwa aina yake.

Chupa za plastiki za maji na soda zinaongoza, na zinaongoza kwa mbali. Zinafuatiwa na pampasi, kandambili, vipande vya nyavu za nailoni, na betri za tochi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na kweli ile mikubwa ya zamani imekuwa adimu. Tunayoipata ni ile myepesi inayofungia karanga na mkaa, pamoja na mabaki ya zamani yanayofukuliwa na mawimbi.

Betri ndizo zilizonishtua. Nyingi zimepasuka na zimetoa kutu ya kijani, zimelala mchangani palepale ambapo kina mama wasio na vichanja bado wanaanika dagaa. Tumezitenga kwenye ndoo yake. Kuziokota ni rahisi. Kupata mahali salama pa kuzipeleka mjini Kigoma ndiyo shughuli, na mpaka naandika haya ndoo iko kwangu, imefunikwa.

Desemba

Mvua kubwa, upepo mkali. Kituo cha tatu hakikufikika. Kwingine tumepima mteremko, uwazi wa maji hatukupima.

Januari

Mwezi huu nitaueleza kwa urefu kwa sababu ya korongo.

Baada ya mvua ya usiku, maji ya korongo huingia ziwani yakiwa na rangi ya udongo mwekundu, na ukikaa juu ya jabali unaona mstari mkali kati ya maji mekundu na maji ya kijani. Sahani yetu ndani ya wekundu ilipotea kabla fundo la pili halijagusa maji, yaani chini ya mita moja. Tulipopiga makasia hadi nje ya mstari, fundo baada ya fundo likashuka na bado sahani ilikuwa inang'aa chini. Kuona mambo hayo mawili mtu akiwa kwenye mtumbwi mmoja kulimbadilisha kijana mmoja wa kidato cha tatu zaidi ya semina yoyote. Tangu siku hiyo ndiye anayebeba kamba.

Udongo huo una madhara yanayojulikana. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato na perege, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na wengi wao wanaishi kwenye miamba ya ufukweni wakila mwani unaoota juu ya mawe. Tafiti zilizofanywa kaskazini mwa ziwa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa mahali ambapo vilima vimekatwa miti na tope limefunika miamba, aina za viumbe zinapungua. Kwa hiyo mstari ule mwekundu ni habari ya vilima vya nyuma yetu kabla hata haijawa habari ya ziwa.

Jambo jingine ni usalama wa maji. Ofisa afya mmoja alitupatia vichupa vya kupimia vyenye karatasi iliyolowekwa dawa. Unajaza maji hadi kwenye alama, unafunga, unakiweka kichupa mahali penye joto. Maji yakigeuka meusi baada ya siku moja au mbili, kuna dalili ya bakteria wa kinyesi. Hakisemi kama kuna kipindupindu. Kinasema njia ya kipindupindu iko wazi.

Kichupa cha mdomo wa korongo kiligeuka cheusi tii kesho yake asubuhi. Cha kituo cha pili kilichelewa, kikawa cheusi pia. Cha penye matete kilibaki safi. Tuliviweka vyote vitatu juu ya meza ya muuza chai mwaloni, bila hotuba yoyote, kila kimoja kimeandikwa kilikotoka. Mama mmoja anayechota maji ya kupikia karibu na korongo kila alfajiri alikiinua kile cheusi, akakigeuza, akakirudisha. "Kumbe haya ndiyo ninayowapa wajukuu," akasema. Tukamwambia, "Bibi, chemsha, au tia dawa ya maji, na ukiweza chota mbele kule." Akajibu kuwa mbele ni mbali na magoti yake hayamruhusu. Alikuwa na haki. Kijana wa kipe kimoja amejitolea kumletea ndoo mbili za kutoka mbele kila anaporudi kuvua. Atazichemsha vilevile.

Hapa Kigoma hakuna anayehitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokwama Kagunga, mpakani, huku maji ya kunywa yakiwa ni ya ziwa, ugonjwa uliua watu. Meli ya MV Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwaleta mjini, wakapokelewa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Waliokuwa wakihudumu siku hizo bado tunaishi nao.

Februari

Tumepima vituo vyote. Maji yanapanda taratibu kama ilivyotarajiwa.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alikuja kututazama tunavyosoma mpira. Baada ya shikamoo akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza akaonyesha kwa bakora mti ulio nyuma kabisa ya nyumba za mwaloni. Alisema utotoni mwake, baada ya mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, maji yalifika karibu na pale. Hilo linakubaliana na kumbukumbu zilizoandikwa. Mvua za 1961 na zilizofuata zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na Tanganyika lilifika kilele chake mwaka 1964.

Rekodi ya nyuma zaidi inashangaza kuliko hiyo. Katika karne ya 19 mto Lukuga, ambao upande wa Kongo ndio mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa hili, ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Maji yakajaa mpaka mwaka 1878 kizuizi kikafunguka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita kumi. Anayekwenda Ujiji kwenye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, anashangaa kwa nini ziwa liko mbali na mahali ambapo panasimuliwa kuwa pa ufukweni. Jibu ni Lukuga.

Nimeyaandika haya kwa sababu kambi ya kwanza mwaloni ina hoja ya kweli. Ziwa hili hupanda na kushuka kwa nguvu zake lenyewe, na maji yake mengi hayatoki hata kwa Lukuga, yanapotea kwa mvuke. Mwaka wenye mvua nyingi na jua hafifu unatosha kulibadilisha. Shajara yetu haiwezi kulizuia na haijaribu. Swali letu ni dogo zaidi: maji yakiwa kwenye kimo kilekile, je, mchanga wa kituo cha pili na wa kituo cha tatu unafanya jambo moja?

Machi

Jibu limeanza kuonekana. Penye matete mteremko umebaki laini. Mawimbi yanaingia kati ya mashina, yanapoteza nguvu, na mchanga unatua. Pale wachota mchanga wanapopakia pamekatika ukuta mdogo, unafika magotini mwa mtu mzima, na chini yake maji ni ya ghafla. Kutoka alama ya kudumu hadi ukuta huo pamepungua hatua kadhaa tangu Oktoba, na hatua hizo hazikufunikwa na maji, zimeondoka. Vituo hivyo viwili vinapigwa na upepo mmoja na ziwa moja.

Tulikwenda kuzungumza na wachotaji. Hawa ni vijana wetu, si wezi, na tripu moja ya mchanga ndiyo chakula cha siku ya nyumba yao. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, alikaa katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hilo lilisomwa, lakini halikusogeza mazungumzo. Picha zilizopigwa kutoka kwenye kibao ndizo zilizoyasogeza. Walizipitisha simu kwa simu, mwezi baada ya mwezi, na mmoja wao akaona mwenyewe kwamba jiwe alilokuwa akikalia kupumzika mwezi wa Oktoba sasa liko majini. "Kaka," akaniambia, "tuonyesheni pengine pa kuchota, sisi tutahama."

Pengine papo. Kila baada ya mvua korongo hushusha mchanga mwingi na kuziba mfereji, na watu hulalamika maji yanaingia nyumbani. Mchanga huo ukichotwa unafungua mfereji, na ni mchanga wa kujengea. Tumeandika ombi ili wachotaji waruhusiwe rasmi kufanya hivyo. Ombi liko ofisini.

Aprili

Ombi bado liko ofisini. Nimelifuata zaidi ya mara moja na nitaendelea kulifuata.

Tumeongeza kipimajoto. Mtafiti wa samaki aliyetutembelea alieleza kwa nini joto la maji ni suala la mvuvi. Chini ya mita mia moja na ushee ziwa halina hewa ya kutosha viumbe, lakini lina rutuba. Upepo wa kusini unaoanza Mei husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba hupata nafasi ya kupanda. Tabaka la juu likizidi kupata joto, maji hayachanganyiki vizuri, mwani unapungua, na dagaa wanaotegemea mnyororo huo wanapungua pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hali hiyo ilikuwa imeanza tayari. Kipimajoto chetu cha ufukweni hakiwezi kuona vina hivyo. Tunakitumbukiza kwa sababu ni cha bei nafuu, na namba za miaka kumi kutoka sehemu moja zina thamani ambayo namba za leo hazina.

Mei, mbalamwezi

Maji yako kileleni. Upepo wa kusini umeanza, mbingu ni safi, na kwa mara ya kwanza upeo wa macho umeonekana vizuri kiasi cha kupima kwa njia ya Emery yenyewe bila mpira. Tulipima kwa njia zote mbili kwenye kituo cha tatu na majibu yamekaribiana sana. Fundi alifurahi, na mimi pia.

Takataka zimebadilika. Chupa bado ni nyingi, lakini betri zimepungua kwenye zile mita 100 tangu wavuvi waanze kuzirudisha kwenye ndoo iliyowekwa kwa muuza chai. Kichupa cha mdomo wa korongo kimegeuka cheusi tena. Kina mama wanne sasa wanaletewa maji ya mbele.

Kwenye kituo cha pili ukuta umesimama palepale ulipokuwa Aprili. Wachotaji wamepunguza kupakia hapo kwa hiari yao, kabla hata ofisi haijajibu, na nataka iandikwe wazi kuwa uamuzi huo ni wao. Kama mchanga utarudi, hauwezi kurudi maji yakiwa juu. Itabidi tusubiri yashuke, na ulinganisho wa haki ni Oktoba kwa Oktoba.

Wanafunzi wameanza kunakili daftari kwenye simu, kurasa kwa kurasa, ili nakala moja iende Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika na nyingine TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kigoma. Daftari lenyewe linabaki mwaloni, kwenye kabati la BMU, na ufunguo uko kwa muuza chai. Miche ya matete tutaipanda Septemba kwenye ukingo wa kituo cha pili, maji yakiwa yameshuka na kabla ya mvua. Anayetaka kuja mbalamwezi ijayo aje na kandambili zisizoteleza, tunaanza baada ya swala ya alfajiri.